Vivimbe vya Mwaloni na Sisimizi Wanaovifuata

Kivimbe cha mmea ni sehemu ya jani, kitawi, chipukizi, ua, tunda au mzizi iliyokua isivyo kawaida yake kwa sababu mdudu au kiumbe mwingine mdogo amejipenyeza ndani na kuulazimisha mmea umjengee makazi. Seli ni za mti, maji na sukari ni za mti. Mgeni hutoa amri tu. Miti mingi huvamiwa hivyo, lakini hakuna unaovamiwa kwa wingi na kwa sura nyingi kama mwaloni, yaani miti ya jenasi Quercus, yenye spishi zaidi ya 400 katika Ulaya, Asia, Afrika Kaskazini na Amerika mpaka Kolombia. Afrika Mashariki haina mialoni ya asili. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua kupitia mialoni ya Mamre katika kitabu cha Mwanzo. Kwenye nchi zenye mialoni, swali la vivimbe huulizwa kila kiangazi, na mara nyingi wanaolianzisha ni sisimizi. Mwenye mti huona msafara wao ukipanda shina, huufuata kwa macho hadi kwenye vijiti vilivyojaa vifundo, kisha hutaka kujua kama vifundo hivyo ni mayai ya sisimizi, ugonjwa, au kitu cha tatu.

Karibu kila mara jibu ni kitu cha tatu. Vifundo ni kazi ya nyigu wadogo wa familia Cynipidae, na sisimizi wamekuja kama wateja. Kundi la nyigu hao linalotegemea mwaloni lina takriban spishi 1,000 zilizokwisha kuelezwa, nyingi zaidi zikiwa Marekani na Meksiko. Nyigu wenyewe hawasaidii sana katika utambuzi. Wengi wana urefu wa milimita 1 hadi 5, ni weusi au wa hudhurungi, wana kibiongo mgongoni, hawachomi mtu, na bila hadubini ni shida kumtofautisha mmoja na mwingine. Vivimbe vyao ndivyo visivyofanana: kuna vigumu vya mviringo kamili, kuna vyenye manyoya mekundu, kuna vyenye miba, kuna bapa kama vifungo, na kuna laini vinavyobonyea kwa kidole. Kwa hiyo mwenye nyumba hutambuliwa kwa nyumba yake, na mtu anaweza kutaja spishi sahihi ya nyigu ambaye hajamwona hata mara moja.

Utambuzi huo una maswali manne ya siku zote: mti gani, sehemu gani ya mti, umbo gani, msimu gani. Lipo la tano ambalo miongozo mingi hulipita haraka, nalo ni kile ambacho sisimizi wamekifuata. Linastahili nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Sisimizi hawaendi kwenye kila kivimbe. Vingi huvipita bila hata kuvigusa. Wanapokwenda huwa wamefuata sukari, mafuta, au chumba kitupu, na kila kimoja kati ya hivyo humwelekeza mchunguzi kwenye kundi lake la vivimbe.

Hadi robo ya mwisho ya karne ya 17, hata uhusiano wa nyigu na kivimbe haukuwa umeeleweka. Francesco Redi, tabibu wa Kiitalia ambaye mwaka 1668 alionyesha kwa majaribio kwamba funza hawazaliwi na nyama iliyooza bali na mayai ya nzi, alishindwa mbele ya mwaloni: aliamini kwamba mti wenyewe ndio unaowazaa wadudu wa ndani ya vivimbe. Mwitalia mwenzake, Marcello Malpighi, alilimaliza jambo hilo mwaka 1679 alipoeleza kwamba nyigu jike huingiza yai kwenye tishu changa, na kwamba kivimbe hufuata baada ya hapo. Jinsi buu anavyoushurutisha mti bado inachunguzwa mpaka leo, lakini matokeo yake yanaonekana wazi kwenye kivimbe kilichopasuliwa.

Chukua kivimbe cha Andricus kollari, cha mviringo, chenye kipenyo cha sentimita 1 hadi 2.5, kinachoota kwenye machipukizi ya mialoni ya Ulaya ya Quercus robur na Quercus petraea. Kikikatwa katikati kwa kisu wakati bado kibichi, nje huonekana ngozi nyembamba ya kijani, kisha tishu nene ya rangi ya manjano isiyoiva, na katikati kabisa chumba kimoja kidogo chenye ukuta mgumu. Ndani yake amelala buu mmoja mweupe, hana miguu, amejikunja. Ukuta wa ndani wa chumba una safu ya seli zenye lishe ambazo buu huzitafuna huku mti ukizijaza upya. Chumba ni kisafi: hakuna kinyesi. Utumbo wa buu wa nyigu hawa haufunguki mpaka anapokaribia kuwa pupa, na uchafu wote hubaki tumboni mwake. Alama hii ina thamani kubwa. Kitawi kilichovimba ambacho ndani kina vijia vilivyojaa unga wa kinyesi kimetobolewa na mbawakawa au kiwavi wa nondo, na utafutaji wa jina lake uende kwingine.

Swali la kwanza, mti, ndilo linalopunguza kazi kuliko yote. Mialoni ya Marekani iko hasa katika makundi mawili: mialoni myeupe, ambayo kwa kawaida ncha za majani yake ni butu, na mialoni myekundu, ambayo ncha zake huishia kwenye kijinywele kigumu. Nyigu wanaozoea kundi moja ni nadra kwenda kwenye jingine. Anayekuta kivimbe kikubwa chepesi chenye ngozi kama karatasi kwenye jani la mwaloni mwekundu tayari anafikiria jenasi ya Amphibolips, na anayekuta vifundo vigumu vimejipanga kwenye kitawi cha mwaloni mweupe anafikiria Disholcaspis. Asiyejua mti wake anaanza na mamia ya majina. Anayejua anabaki na makumi, na hapo swali la pili, yaani sehemu ya mti, humpunguzia tena. Andricus foecundatrix hugeuza chipukizi kuwa rundo la magamba yanayopandana. Neuroterus quercusbaccarum hupanga visahani vidogo kwa mamia chini ya majani. Andricus quercuscalicis huliharibu tunda lenyewe, likawa bonge la kijani lenye matuta na la kunata. Kwenye mialoni ya California, Andricus quercuscalifornicus hujenga kivimbe cha kitawi kinachoweza kupita sentimita 10, kikiwa na vyumba kadhaa ndani.

Baada ya hapo mambo hugeuka magumu, na ugumu wenyewe una sababu moja kubwa: nyigu wengi wa mwaloni huishi kwa vizazi viwili visivyofanana. Kizazi cha majira ya kuchipua kina madume na majike. Kinachofuata kina majike tu, ambayo hutaga bila kupandwa. Kila kizazi hujenga kivimbe chake, mahali pake, kwa umbo lake, na nyigu wa vizazi hivyo hutofautiana kiasi kwamba kwa muda mrefu walipewa majina tofauti kama spishi mbili, hata jenasi mbili. Daktari Mjerumani Hermann Adler aliwafuga na kuwafuatilia, na mwaka 1881 alichapisha ushahidi ulioviunganisha vizazi vingi vya nyigu wa mwaloni. Kazi hiyo haijaisha. Wako nyigu wanaojulikana kwa kizazi kimoja tu, na hakuna ajuaye kama cha pili kimepotea au kimejificha chini ya jina jingine. Siku hizi ulinganishaji wa DNA ndio unaofanya haraka kile Adler alichokifanya kwa subira ya miaka.

Biorhiza pallida wa Ulaya anaonyesha umbali ambao vizazi viwili vinaweza kutengana. Mwezi Mei hivi, kwenye ncha za matawi huota kivimbe laini kama sifongo, cheupe chenye wekundu, kinachofika sentimita 4, ndani kikiwa na vyumba vingi. Nyigu hutoka humo mwanzoni mwa kiangazi, hupandana, na majike huteremka ardhini kutaga kwenye vijizizi. Vivimbe vya mizizini ni vidogo, vya hudhurungi, na hukaa gizani zaidi ya mwaka mzima. Katikati ya majira ya baridi hutoka humo majike yasiyo na mabawa, ambayo hupanda shina kwa miguu hadi kwenye machipukizi ya juu. Mtu akiyakuta yakitambaa kwenye gome, akili humpeleka moja kwa moja kwa sisimizi, na kosa hilo linasameheka. Waingereza nao wana siku yao kwa ajili ya kivimbe hiki cha tawini: tarehe 29 Mei, kumbukumbu ya kurudi kwa mfalme Charles II mwaka 1660, watu walivaa vijiti vya mwaloni vikiwa na vivimbe hivyo.

Andricus kollari aliyetajwa hapo juu huongeza sharti jingine: kizazi chake cha pili huishi kwenye mwaloni wa spishi nyingine, Quercus cerris, katika vivimbe vidogo sana vya machipukizi ambavyo wachunguzi wa zamani walivifananisha na pupa za sisimizi. Mahali pasipo na Quercus cerris, mzunguko wake haukamiliki. Uingereza ilipanda mti huo kuanzia karne ya 18 kama pambo; vivimbe vyenyewe vililetwa Devon katika karne ya 19 kwa ajili ya rangi na wino, na tangu hapo nyigu ameenea visiwa vyote. Andricus quercuscalicis alifika baadaye, katikati ya karne ya 20, akitumia mlango huo huo.

Wino unastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Vivimbe vya mwaloni wa Mashariki ya Kati, Quercus infectoria, vina tanini nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu, na viliuzwa kwa karne nyingi kwa jina la mji wa Aleppo. Vikisagwa na kuchanganywa na salfeti ya chuma na gundi ya mgunga hutoa wino mweusi usiofutika, ulioandikia hati za Ulaya na Mashariki ya Kati mpaka karne ya 20. Wafanyabiashara wake walikuwa watambuzi hodari. Walitenga vivimbe vya rangi ya samawati au kijani, vizito, visivyo na tundu, ambavyo bei yake ilikuwa juu, na vyeupe, vyepesi, vyenye tundu, ambavyo nyigu alikwisha kutoka na nguvu ya tanini imepungua.

Tundu hilo, hata hivyo, halimwambii mtu nani ametoka. Kivimbe ni mali inayopiganiwa. Nyigu wengi wa jenasi Synergus hawawezi kuanzisha kivimbe, basi hutaga ndani ya cha wenzao na mabuu wao hula tishu zake, wakati mwingine mwenyeji akifa kwa kubanwa. Juu yao wako vidusia, yaani nyigu ambao mabuu wao humla mdudu mwingine mpaka afe: Torymus wenye rangi za metali na mrija mrefu wa kutagia unaopita ukuta wa kivimbe, Eurytoma, Ormyrus na wengineo. Kivimbe kimoja cha California kinaweza kumtoa mwenyeji, wapangaji na vidusia wa aina kadhaa kwa pamoja. Wa ajabu kuliko wote alielezwa mwaka 2017 kutoka mialoni ya kusini mashariki mwa Marekani. Euderus set hutaga katika kivimbe cha Bassettia pallida. Mwenyeji hutoboa tundu dogo kuliko linavyopaswa kuwa, hukwama kichwa kikiwa kimeziba njia, na buu wa kidusia humla kwa ndani kisha hutoka kwa kutoboa kichwa hicho. Kwa sababu hizi, anayefuga vivimbe kwenye chupa ili ajue vimejengwa na nani asimpe mwanzilishi jina la mdudu wa kwanza kutokea. Alama ya tundu husaidia kidogo: la mwanzilishi kwa kawaida ni moja, pana kiasi; madogo mengi yasiyo na mpangilio ni ya wapangaji na vidusia.

Ni vita hivi vinavyowaingiza sisimizi. Katika baadhi ya vivimbe, hasa vya jenasi Disholcaspis huko Marekani, ngozi ya nje hutoa matone ya majimaji matamu wakati buu wa ndani anapokua. Majimaji hayo si kinyesi cha mdudu, tofauti na yale ya vidukari. Buu amefungiwa na utumbo wake umezibwa. Kinachotoka ni utomvu wa mti wenyewe, unaopitishwa na tishu ya kivimbe. Kwenye Disholcaspis quercusmamma, anayeishi kwenye mialoni ya Quercus macrocarpa na Quercus bicolor, mambo yote huonekana kwa macho matupu mwishoni mwa kiangazi. Vivimbe vimejipanga mstari kwenye kitawi, vigumu, kila kimoja na ncha iliyochongoka, na ngozi yake inanata. Sisimizi wamevikalia, wengine wakinywa, wengine wakizunguka. Nyuki na nyigu wakubwa wa kuuma huja pia. Baadaye ukungu mweusi huota juu ya utomvu uliokauka, na kitawi huonekana kama kilichopakwa masizi. Wenye bustani wengi huanza kuhangaika hapo, kumbe nyigu wa ndani hatatoka hadi Oktoba au Novemba.

Mbona mdudu aliyefungiwa ndani ajengewe kivimbe kinachomwaga sukari nje? Jan Washburn alilijibu swali hili California katika utafiti aliouchapisha mwaka 1984 kuhusu Disholcaspis eldoradensis. Vitawi vilivyozuiwa sisimizi vilishambuliwa zaidi na vidusia kuliko vile ambavyo sisimizi waliachwa wavifikie. Kidusia anahitaji kutulia juu ya kivimbe ili apenyeze mrija wake wa kutagia. Sisimizi anayezurura hapo humwondolea utulivu huo. Utafiti mwingine juu ya nyigu huyo huyo, wa mwaka 2004, ulionyesha kwamba sisimizi hubadilisha pia aina za vidusia wanaofanikiwa, wala si idadi ya mashambulizi peke yake. Ulinzi una kasoro zake, kwani wapo vidusia wanaopita. Ila kwa nyigu ambaye mlo wake wote unatoka kwa mti, malipo ya sukari hayamgharimu kitu. Anayelipa ni mwaloni.

Ulaya ina mfano wake katika Andricus sieboldi. Vivimbe vyake ni vidogo, vyekundu, vyenye umbo la pia, vinavyotokeza kwenye gome la mashina machanga, karibu na ardhi, navyo hutoa utomvu mtamu. Sisimizi huko hawaishii kunywa na kuzunguka: hujenga kuta za udongo na kuvifunika vivimbe vyote, wakabaki na zizi lao peke yao. Anayetafuta spishi hii huanza kwa kutafuta udongo uliopandishwa kwenye shina, kisha huubandua polepole. Hapa sisimizi ni njia ya uhakika ya kukifikia kivimbe chenyewe.

Kisa mashuhuri zaidi cha sukari hii, hata hivyo, kilitokana na mtu aliyekuwa akiwatafuta sisimizi, si vivimbe. Mwaka 1879 Henry McCook, mchungaji wa Kipresbiteri wa Philadelphia aliyekuwa pia mtaalamu wa wadudu, alipiga kambi mahali paitwapo Garden of the Gods, Colorado, awachunguze sisimizi wa chungu cha asali, Myrmecocystus. Baadhi ya vibarua wa sisimizi hao hubaki shimoni wakining'inia darini, matumbo yamejazwa asali mpaka yakawa duara, wakiwa ghala la koloni lote. Haikujulikana asali hutoka wapi. McCook aliufuata msafara wao baada ya jua kutua, akaukuta ukiishia kwenye vichaka vya mwaloni, sisimizi wakipita kijiti kwa kijiti na kulamba matone yaliyokuwa yakitoka kwenye vivimbe vidogo. Walirejea usiku matumbo yamejaa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1882, na somo lake kwa mtambuzi bado ni zuri: kivimbe kinachoonekana kikavu na kisicho na mgeni saa sita mchana huenda kikawa na wateja tele usiku.

Mafuta ni habari ya karibuni zaidi. Mwaka 2022 Robert Warren na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu vivimbe vya jenasi Kokkocynips kwenye mialoni myekundu ya kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwanzo wake ulikuwa mdogo: mtoto wa miaka minane, mwana wa mmoja wa watafiti, aliona karibu na kiota cha sisimizi kitu alichokidhania mbegu. Baba yake alitambua kuwa ni vivimbe. Mbegu za mimea mingi ya misituni huko zina kipande cha nyama yenye mafuta. Sisimizi huzibeba, hula kipande hicho, na kuitupa mbegu nzima ndani au nje ya kiota. Vivimbe hivi navyo vina kikofia cheupe juu yake, na watafiti walikipa jina la kapelo. Sisimizi wa Aphaenogaster walivibeba kama walivyobeba mbegu, wakala kapelo na kukiacha kivimbe kizima na buu wake. Vilipoondolewa kapelo, havikuwavutia. Asidi za mafuta zilizokutwa humo zinafanana na zile za mbegu, na zinafanana pia na za wadudu waliokufa, ambao ni chakula cha kawaida cha sisimizi hao. Maelezo ya watafiti ni kwamba buu hupata kifuniko: ndani ya kiota yuko mbali na ndege, panya na kuvu wa majani yanayooza. Kwa mtambuzi, tofauti na kundi la sukari ni ya wazi. Vivimbe vya sukari huwa vimeshika kitawini na sisimizi ndio wanaopanda. Vya mafuta huanguka na sisimizi ndio wanaovibeba.

Chumba kitupu ni suala la miaka inayofuata. Vivimbe vigumu vya Andricus kollari na Andricus quercustozae hubaki vitawini muda mrefu baada ya nyigu kuondoka, na tundu la kutokea huwa mlango. Kusini mwa Ulaya, Colobopsis truncata hukaa humo. Askari wake wana kichwa kilichokatika bapa mbele, nao hukitumia kuziba tundu kwa kipimo kamili. Crematogaster scutellaris na sisimizi wadogo wa Temnothorax hupanga pia, na hao wa mwisho huweza kuweka koloni zima ndani ya tunda moja la mwaloni lililotobolewa. Sisimizi wanaoingia na kutoka kwenye tundu la kivimbe kilichokauka hawamwambii mtu lolote kuhusu aliyekijenga, zaidi ya kwamba ameshahama.

Kinachobaki ni vitu vinavyofanana na vivimbe, au vivimbe visivyo vya nyigu, na sisimizi hapa hupotosha kuliko kusaidia. Wadudu gamba wa jenasi Kermes na Allokermes hujibandika kwenye vitawi vya mwaloni wakavimba kuwa vitufe vya hudhurungi, hutoa majimaji matamu, na huzungukwa na sisimizi. Hata wataalamu wa miti huwaandika kama vivimbe. Kipimo ni ukucha. Mdudu gamba hubanduka na kuacha gome lisilo na jeraha kubwa, na chini yake huwa na mwili au mayai; kivimbe cha kitawi hakibanduki bila kupasua gome, na ndani kina chumba. Usubi wa vivimbe, kama Macrodiplosis, hukunja kingo za jani tu. Utitiri huacha mabaka ya manyoya chini ya jani, na kuvu wa Taphrina hupandisha malengelenge. Hakuna kati ya hivyo vitatu kinachowaalika sisimizi, kwa hiyo wakionekana kwenye jani kama hilo inafaa kutafuta vidukari kwenye machipukizi ya karibu.

Msomaji wa Kenya au Tanzania atakuwa tayari amekumbuka mgunga wa mbuga za udongo mweusi, Vachellia drepanolobium, wenye miba iliyovimba na kujaa sisimizi wakali wa Crematogaster au Tetraponera penzigi. Kwa sura, ni kisa kile kile. Kwa asili, ni kinyume chake: uvimbe wa mgunga haujengwi kwa amri ya mdudu yeyote, mti huuotesha wenyewe hata usipokuwa na sisimizi, na sisimizi hutoboa na kuhamia. Mgunga huwalipa walinzi wake ili wauzuie usiliwe na wanyama. Mwaloni huwalipa walinzi wa mdudu anayeula.

Gharama hiyo kwa kawaida ni ndogo. Mwaloni mkubwa hubeba maelfu ya vivimbe vya majani bila kudhoofika, na kunyunyizia dawa baada ya vivimbe kuonekana ni kupoteza fedha, kwa kuwa buu amefunikwa na tishu ambazo dawa haipiti, huku vidusia walioko nje wakifa. Kufunga utepe wa kunasa sisimizi kwenye shina lenye Disholcaspis huondoa msafara unaoudhi macho, ila pia huwaachia vidusia njia. Mwenye mti anayetaka vivimbe vipungue anaweza kuuona huo kuwa msaada, na mwenye kuvichunguza ataona amevuruga alichokuja kukitazama. Spishi chache ndizo zenye madhara ya kweli. Callirhytis cornigera huvimbisha vitawi vya Quercus palustris kwa mabonge yenye pembe, ambayo hukua karibu miaka mitatu kabla ya nyigu kutoka, na yakizidi huua tawi zima. Hapo kilichobaki ni mkasi: vitawi hukatwa na kuharibiwa mabonge yakiwa machanga, kabla pembe hazijatoboka.